Sura Ambayo Haikusomwa Mwakirunge

Kabla watu wa Changamwe hawajamjua Dama Nguma kuwa ni mtunzi wa hadithi, walimjua kwa wasifu wa marehemu. Kibanda chake kilikuwa kando ya njia iendayo Port Reitz, chumba cha mabati chenye kompyuta moja, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Alichapa barua za kuomba kazi, hati za kiapo na kadi za harusi. Lakini mtu akifiwa, majirani walimwambia nenda kwa Dama. Wachapaji wengine walikuwa na karatasi moja ya mfano, wakibadilisha jina na tarehe basi. Dama aliwaketisha wafiwa akawauliza marehemu alipenda kula nini, aligombana na nani, alikuwa akichekaje. Kisha akaandika ukurasa mmoja na nusu, ambao ukisomwa kaburini watu walilia penye kulia na wakacheka penye kucheka.

Siku moja walikuja ndugu watatu kutoka vijijini huko juu kuandikisha wasifu wa mama yao mzee. Walitaka iandikwe kwamba aliugua kwa muda mfupi. Dama alipouliza ni ugonjwa gani, wakatazamana. Ndugu wawili wanaume walipotoka kwenda kutafuta picha ya marehemu, dada yao alibaki kwenye benchi, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama hakuugua. Alikatwa mapanga mchana, jikoni kwake. Waliomuua walisema ni mchawi kwa sababu nywele zake zilikuwa nyeupe na macho yamemwiva kwa moshi, na shamba lilikuwa limeshagawanywa kabla hajazikwa.

Dama alichapa vile walivyotaka. Msiba haukuwa wake, na si yeye atakayerudi kulala kijiji kimoja na wauaji. Lakini lile neno "aliugua" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alikuwa na sababu yake pia. Bibi yake mzaa mama, Hawe Kaviha kama walivyomwita nyumbani, alifika Changamwe Dama akiwa na miaka saba, amejifunga leso moja na mguuni ana kiatu kimoja. Aliishi chumba cha uani hadi alipokufa, na hakuna mtu mzima aliyewaambia watoto kwa nini hakurudi kwake hata kwa siku moja. Dama alikuja kuelewa baadaye sana, na wa kuwauliza walikuwa wameshazikwa wote.

Basi akaanza kuandika. Ilimchukua miaka mitatu na madaftari tisa makubwa, akiandika asubuhi kabla wateja hawajafika. Ilikuwa hadithi ya mwanamke mzee, Mbodze, ambaye jamaa za mumewe wanamzushia uchawi ili wamnyang'anye shamba. Mbodze anapigana nao kwa mdomo, kwenye baraza, hata kanisani. Mwishowe, alfajiri, anapanda lori la nazi na kukimbilia mjini, na hadithi inamwacha pale juu ya nazi akitazama nyuma. Dama akakiita kitabu *Mvi za Mbodze*.

Aliupeleka mswada Nairobi, kwa wachapishaji. Ilipita miezi minane ndipo mhariri akamjibu. Aliusifu sana, ila alitaka mambo mawili. Kwanza, maneno ya Pwani yapunguzwe, kwa kuwa wanafunzi wa bara hawatayaelewa. Pili, msomaji aachwe na shaka kidogo kwamba pengine Mbodze alikuwa na uchawi kweli, maana shaka ndiyo inayouza. Dama alichapa jibu lake papo hapo, mteja mmoja akiwa bado anangoja fotokopi zake. Aliandika: lugha hii mliikuta hapa. Mbodze si mchawi, si nusu wala robo. Nirudishieni mswada wangu.

Mwanasaumu ndiye aliyekuwa wa kwanza Changamwe kukisoma. Alikuwa fundi wa cherehani wa kibanda cha pili, mwanamke wa Bofu aliyevuka feri kila asubuhi kuja kushona sare za shule. Alimaliza madaftari yote tisa kwa wiki moja, na sare zikachelewa. Dama alipomwonyesha barua ya Nairobi, Mwanasaumu alisema kama wao hawakitaki, mashine ya fotokopi iko hapa na cherehani iko hapa, kwani kitabu ni nini zaidi ya karatasi zilizoshikana. Nakala mia mbili za kwanza hazikubandikwa gundi. Zilishonwa kwa uzi mweusi wa sare, jalada likiwa karatasi ngumu ya manila.

Kwenye ukurasa wa mwisho Dama alitia namba yake ya simu, na chini yake maneno haya: *Mimi ndiye niliyeandika. Ukimaliza, nipigie. Ukichukia, nipigie pia.* Mwanasaumu alimwonya kwamba wanaume wote wa Mombasa wataipata hiyo namba. Na kweli wapo walioipata. Dama aliwauliza wamefika ukurasa wa ngapi, nao wakakata simu.

Kisha wasomaji wenyewe wakaanza kupiga simu. Mwanamke mmoja alipiga akawa hasemi kitu, analia tu, na Dama akakaa naye kwenye simu mpaka akanyamaza. Bawabu mmoja wa ghala karibu na uwanja wa ndege, jina lake Nicanor, alipiga kueleza kwamba katika sura ya tano mwezi ni mpevu, na siku tatu baadaye, sura ya sita, umekuwa mpevu tena. Yeye alikuwa mlinzi wa usiku kwa miaka ishirini na mwezi alikuwa akiujua. Dama alimshukuru na kurekebisha kosa hilo katika nakala zilizofuata. Alisema mwezi si wake, ni wa Mungu, lakini Mbodze ni wake.

Kule Bofu, Mwanasaumu alianza kukisoma barazani kwake kila Ijumaa baada ya alasiri. Walikuja wanawake kumi na zaidi, wengine na kazi zao za mkono, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Dama alipoalikwa mara ya kwanza alidhani ataketishwa mbele aulizwe maswali. Akapewa pembe ya mkeka na kikombe cha kahawa, na wanawake wakaendelea kugombana na watu wa kitabu kana kwamba yeye hayupo. Walimlaani yule mwana wa shemeji. Walimsuta Mbodze kwa kumwamini jirani. Mmoja alisema huyu aliyeandika hajui kupika mchuzi wa papa, hatua za mapishi zimemchanganya, na aliposikia kwamba mwandishi ndiye yule aliyekaa pale pembeni, hakuomba radhi, alimweleza upikwavyo. Dama alirudi Changamwe siku hiyo akiwa na furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu.

Habari zilivuka hadi Kiembeni. Huko kulikuwa na kikundi cha kusoma cha wanawake kumi na wanne, walimu, wauguzi na mafundi wa maabara, kilichokutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi katika ukumbi wa kanisa. Kiongozi wao, Phoebe, alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kupanga kila jambo mapema. Alimpigia Dama na kumwomba aje awasomee, na barua rasmi ikafuata.

Siku nne kabla ya kikao Phoebe alipiga tena, sauti yake imenywea. Wakubwa wa kanisa walikuwa wamepata kusikia kuhusu kitabu, na walikuwa wamesema hadithi ya uchawi haitasomwa ndani ya ukumbi ule. Alijaribu kuwaeleza kwamba kitabu kinapinga jambo lilelile wanaloliogopa, lakini hakuna aliyekuwa amekisoma. Aliona heri kikao kiahirishwe hadi mambo yapoe.

"Mwalimu, funguo za ukumbi ni zao," Dama alisema. "Na nje ni kwa nani?"

Jumamosi ilipofika, mlango wa ukumbi ulikuwa na kufuli, na mkabala wake palikuwa na duka lililofungwa lenye baraza pana ya saruji. Walikaa hapo. Kati ya wanachama kumi na wanne walikuja tisa, na Phoebe alikuwa mmoja wao, ingawa alikaa akiupa ukumbi kisogo. Gari la mmoja wa wakubwa wa kanisa lilipita polepole, likarudi, likapita tena. Kila lilipopita, Dama alipaza sauti kidogo. Alisoma sura ya baraza, ambapo Mbodze anasimamishwa mbele ya wanaume wa kijiji na kuambiwa aeleze kwa nini mvua haikunyesha. Wapitao njia walisimama. Alipomaliza walikuwa watu thelathini, na muuza maji mmoja aliketi juu ya mitungi yake hadi mwisho.

Miongoni mwa waliokuja alikuwapo muuguzi aliyeitwa Gladys, na ubavuni mwake ajuza mwembamba aliyefunika kichwa kwa leso. Ajuza huyo alikuwa shangazi yake, Kadzo, mwenyeji wa Mwakirunge, aliyekuwa akiishi kwa Gladys kwa miaka sita. Hakujua kusoma. Gladys alimsomea kitabu chote, sura moja kila jioni, na Kadzo mwenyewe ndiye aliyetaka kuletwa. Wanawake walipomaliza kuuliza maswali yao ya adabu, alinyoosha mkono.

Dama alimpa shikamoo, Kadzo akaitikia. Kisha akauliza kwa nini Mbodze amekimbizwa.

Dama alijibu kama alivyowajibu wengine, kwamba mambo ndivyo yalivyo, kwamba wengi hawana njia ila kukimbia, na kwamba yeye hakutaka kuwadanganya wasomaji.

"Mimi nilikimbia," Kadzo alisema. "Nilikuwa peke yangu na panga lilikuwa mlangoni. Huyu Mbodze hakuwa peke yake, mwanangu. Alikuwa na wewe."

Dama akasema kwa ukali zaidi kuliko alivyokusudia kwamba Nairobi walitaka abadilishe kitabu akakataa, na kanisa linataka kisisomwe na kinasomwa, na hakuna aliyewahi kumfanya ahamishe neno moja la Mbodze, wala hatakuwapo.

Kadzo alimtazama bila hasira. "Sikukwambia ubadilishe," alisema. "Nimekuuliza kwa nini."

Kwa wiki tatu Dama aliendelea na kazi zake huku swali lile likimwandama. Alikasirika, na hasira yenyewe ikamkasirisha, maana hakuweza kusema amekosewa wapi. Mwishowe alimweleza Mwanasaumu, akitarajia kuungwa mkono. Mwanasaumu alikuwa akikata kitambaa, na hakuinua kichwa.

"Mhariri alitaka umdhalilishe Mbodze ukamkatalia, ukafanya vyema," alisema. "Huyu bibi anataka umwinue. Wallahi, Dama, hawa wawili unawajibu jibu moja?"

Jumapili iliyofuata Dama alikwenda Kiembeni bila kitabu mkononi. Alimkuta Kadzo uani kwa Gladys akichambua kunde, akaketi akachambua naye. Safari hii hakueleza kitu, aliuliza, kama alivyokuwa akiwauliza wafiwa. Kadzo alimsimulia kuhusu minazi kumi na saba aliyoipanda na mumewe, na kaburi la mumewe lililo kati ya mnazi wa tatu na wa nne. Alimsimulia kuhusu Kai, mtoto wa shemeji yake, aliyefiwa na mama angali ananyonya. Kadzo hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alimchukua Kai akamlea kwa maziwa ya mbuzi, na alipopata surua akambeba mgongoni siku tatu usiku na mchana. Ni Kai huyo aliyekuja mlangoni asubuhi ile na wenzake wawili. Kadzo alitokea mlango wa nyuma na hakukanyaga tena Mwakirunge, ijapokuwa kutoka Kiembeni si mbali, mtu akitaka anaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Dama naye akamweleza habari za Hawe Kaviha na kiatu kimoja. Hakuwa amewahi kumweleza msomaji yeyote. Alisema Mbodze alikimbia kwa sababu bibi yake alikimbia, na yeye kama mjukuu hakuona haki ya kumrudisha mtu ambaye mwenyewe hakurudi.

Kadzo aliendelea kuchambua kunde kwa muda. Kisha alisema jibu hilo amelikubali, kwa kuwa ni la kweli, na sasa ana ombi. Ukumbi ukifungwa, kikundi cha kusoma hukutana popote, sivyo? Basi na kwake pia ni mahali. Anataka wakamsomee kwake, Mwakirunge.

Phoebe aliposikia alisema haiwezekani. Alitaja hatari zote, na zote zilikuwa za kweli. Gladys alilia, akasema shangazi atauawa. Wanachama wawili walisema wao walijiunga kusoma vitabu, si kuingilia kesi za mashamba ya watu. Dama hakuwalaumu. Alirudi kibandani akachapa barua kwa chifu wa huko, kwa maneno makavu ya ofisini, kwamba kikundi cha wasomaji kitafanya kikao chake cha Agosti nyumbani kwa mwanachama wake, Bi. Kadzo, kuanzia saa nne asubuhi, na kwamba nakala ya barua imepelekwa kituo cha polisi. Kisha alimpelekea Phoebe atie sahihi. Phoebe aliisoma mara mbili. Aliuliza Kadzo amekuwa mwanachama tangu lini. Dama akasema tangu barua hii. Phoebe akatoa kalamu, akasahihisha alama moja ya koma, akatia sahihi.

Siku yenyewe walikuwa watu ishirini na wawili kwenye magari mawili ya kukodi. Kiembeni walitoka saba. Bofu walitoka kumi na wawili, Mwanasaumu mbele yao katika buibui lake, wamebeba mikeka na birika za chai. Nicanor alikuja na sare yake ya ubawabu na rungu kiunoni ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alisema akiulizwa kama yuko kazini atajibu, lakini hana haja ya kujibu kabla hajaulizwa. Kadzo alivaa hando jeupe la kizamani, ile sketi ya marinda waliyovaa mama zake, na leso mpya.

Walimkuta Kai uani na mkewe na wanaume wawili. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amejenga nyumba ya mabati pembeni mwa ile ya Kadzo ambayo paa lake lilikuwa limebonyea. Waliwasalimu, mkewe akaitikia, yeye hakuitikia. Kadzo hakusimama kumtazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kati ya mnazi wa tatu na wa nne, na huko akakuta magugu yamefika kiunoni. Aliinama akaanza kung'oa. Wanawake wa Bofu waliweka birika chini wakaja kung'oa naye, kisha wale wa Kiembeni, Phoebe akiwa na viatu vyake vya kanisani. Waling'oa hadi kaburi likaonekana.

Ndipo walipotandika mikeka mbele ya nyumba kuukuu, na Dama akafungua kitabu. Alichagua sura ya baraza, ileile aliyoisoma Kiembeni, lakini hapa maneno yalikuwa mazito mdomoni. Majirani walianza kutokea mmoja mmoja, wakasimama nje ya ua wa miti, mikono nyuma. Alipofika pale Mbodze anapoulizwa habari za mvua, Kai alikuja hadi ukingoni mwa mkeka.

"Nani amewapa ruhusa kusoma mambo haya kwangu?" alisema.

"Kwako wapi?" Kadzo aliuliza.

Alikuwa ameketi na hakuinuka. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza maji, na kwa sababu hiyo walio nje ya ua walisogea wamsikie.

"Wewe Kai, ulipoachwa na mama yako hukuwa mkubwa kuliko nazi. Surua ilikuja ikachukua watoto wanne wa mtaa huu, wewe ulikuwa mgongoni mwangu usiku na mchana. Kama mimi ni mchawi, nilikuwa nangoja nini? Ungekuwa mrefu hivi?"

Mzee mmoja nje ya ua alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilimtoka kabla hajakizuia, lakini kilitosha. Mwanamke aliye karibu naye akacheka pia, kisha wengine. Dama aliona jambo ambalo kwa miaka mitatu ya kuandika hakulijua: hofu ya kijiji kizima ilikuwa imeshikwa na uzi mwembamba sana. Kai alitazama huku na huku. Wale wanaume wawili waliokuwa naye walikuwa wameshakwenda kando ya kisima, wanajifanya wana shughuli. Nicanor alikohoa, akaligeuza rungu upande wa pili. Kai aliingia nyumbani kwake na hakufunga mlango.

Dama aliendelea kusoma. Majirani waliingia uani, kwanza wawili, kisha kumi. Yule mzee aliyecheka alikwenda kwake akarudi na viti vitatu. Walisikiliza kama walivyosikiliza wa Bofu, wakimjibu Mbodze, wakimwonya, wakiguna. Kuna waliojiinamia, na Dama alijua hao walikuwepo asubuhi ile ya miaka sita iliyopita na walifunga milango yao. Alisoma hadi jua likafika utosini, akiruka sura hapa na pale, mpaka akafika ya mwisho. Alifungua ukurasa wa lori la nazi, akavuta pumzi.

Kadzo aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hii usiisome hapa," alisema. "Leo hakuna aliyekimbia."

Dama alitazama ule mkono wenye mishipa juu ya maneno yake. Mhariri wa Nairobi, wakubwa wa kanisa, wote walikuwa wamejaribu kuweka mkono hapo, na kila mkono alikuwa ameuondoa. Alifunga kitabu. Hakuhisi kwamba ameshindwa. Mwanasaumu alianza kumimina chai, na vikombe vikazungushwa kuanzia kwa majirani.

Kadzo hakulala Mwakirunge siku ile. Hakuwa mjinga, na Gladys hangekubali. Suala la shamba lilipelekwa mbele ya wazee na baadaye kwenye ofisi ya ardhi, nalo halijakwisha mpaka leo, maana mambo ya ardhi ya Pwani yana njia ndefu. Kai bado anaishi kwenye nyumba yake ya mabati. Lakini mgema wa mtaa ule hapandi tena ile minazi kumi na saba bila kutuma ujumbe Kiembeni kwanza, na yule mzee mwenye viti analitunza kaburi, halioti tena majani.

Wanachama watano wa Kiembeni hawakurudi kwenye kikundi. Walioingia badala yao ni wengi zaidi, na mmoja wao ni yule muuza maji. Hukutana barazani pa duka. Ukumbi ulifunguliwa tena kwao baada ya Krismasi, kwa sharti kwamba orodha ya vitabu ipitiwe kwanza na kanisa. Phoebe mwenyewe ndiye aliyeandika barua ya kukataa, bila kumwuliza Dama, na koma zote zilikuwa mahali pake.

Dama hakubadilisha mwisho wa kitabu. Msomaji akimpigia na kumlaumu kwa nini Mbodze amekimbia, humweleza habari za bibi yake. Msomaji akiuliza kama hakuna aliyewahi kurudi, husema yuko mmoja anayemjua, na kwamba hiyo si hadithi yake yeye kuitunga. Ameanza kitabu kingine, na sura tatu za kwanza ameshazisoma Bofu, ambako wamemwambia mbili hazifai. Moja ameitupa. Nyingine amekataa kuitupa, na ubishi unaendelea kila Ijumaa.

Masika yalipoanza, Kadzo alimpigia simu asubuhi mapema akamwambia afunge kibanda, kuna kazi. Walikwenda Mwakirunge watu wanne tu, na majembe mawili na mzigo wa vijiti vya mihogo. Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Kadzo alipima mistari kwa hatua zake mwenyewe, kuanzia kwenye kaburi kwenda chini, na Dama akamfuata nyuma akichomeka vijiti. Kai alitoka nje akaja kusimama katikati ya mstari wa pili, mikono kiunoni. Kadzo alilima hadi alipomfikia, akatua jembe.

"Sogeza mguu," alimwambia. "Unakanyaga mihogo yangu."

Kai aliutazama mguu wake. Kisha akausogeza.